Excel inapaka nyekundu namba za NIDA ambazo hazifanani. Tatizo ni nini?

#1 KaraniWaKusini
Wakuu, habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Nina orodha ya wakulima wa korosho wa AMCOS yetu (chama cha msingi cha ushirika), mistari 3,186. Imeunganishwa kutoka daftari la zamani na fomu mpya zilizojazwa vijijini. Kolamu ni majina matatu, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), simu, kijiji na ekari. Kabla ya mgao wa salfa, dawa ya mikorosho, natakiwa nitoe walioandikwa mara mbili.

Nimechagua kolamu ya NIDA yote, nikaenda Conditional Formatting, nikabonyeza Duplicate Values. Mistari 412 ikawa myekundu. Ila nikizitazama kwa macho hazifanani! Kuna watu wawili tarakimu zao 13 za mwanzo ni zile zile, lakini mmoja anaishia 0001423 na mwenzake 0003127. Vijiji tofauti, simu tofauti, mmoja mwanaume mwingine mwanamke. Nimejaribu na COUNTIF, fomula ya kuhesabu kitu kimetokea mara ngapi, nayo inaniambia 2.

Kolamu niliiweka kuwa Text kabla sijaandika chochote. Nani anaweza kunieleza kinachotokea humu ndani? Orodha hii ikienda hivi, kuna watu watakosa salfa bila kosa lolote.

#2 Chalinze_Boy
Siti ya mbele. Ila mkuu, salfa ikifika hata marehemu hujiandikisha. Mimi nisingeilaumu Excel haraka hivyo.

#3 FundiShiti
#1 huna haja ya kumtafuta mwizi kwanza. Excel inahesabu tarakimu 15 tu za maana. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Kuanzia ya 16 kwenda mbele Excel haizioni, inaweka sifuri. Hao wawili wako wanafanana tarakimu 13 za mwanzo, kisha wote wanafuatiwa na 00. Hizo ni 15. Kwake yeye hao ni mtu mmoja.

#4 Mwl_Hisabati
Niongezee kidogo kwa #3. Siyo kwamba wameamua kuwaonea Watanzania. Excel inatunza kila namba katika biti 64, na biti zinazobeba tarakimu zenyewe ni 53. Mbili kwa kipeo cha 53 ni 9,007,199,254,740,992. Ukivuka hapo kuna namba nzima ambazo haziwezi kuandikwa kabisa, zinasogezwa kwa jirani. Ndiyo maana wakaweka mpaka wa 15, salama kwa kila namba. Kwa hesabu za fedha na vipimo inatosha sana. Namba ya kitambulisho haikuwa ya kujumlishwa wala kuzidishwa, kwa hiyo haikupaswa kuwa namba tangu mwanzo. Ni maandishi yanayotumia tarakimu.

#5 KaraniWaKusini
Shukrani. Lakini nimesema kolamu ni Text. Nikibonyeza seli naziona tarakimu zote 20, na ISTEXT inanipa TRUE, yaani ni maandishi. Sasa inakuwaje izione kwangu, isizione kwenye kuhesabu?

#6 FundiShiti
Hapo ndipo wengi wanapokwama. Namba zako ziko salama, hazijapotea. Tatizo ni COUNTIF yenyewe. Ikipewa maandishi yanayofanana na namba, inayageuza kuwa namba kwanza ndipo inalinganisha. Ikishageuza, tarakimu tano za mwisho zimekwenda. Ile rangi ya Duplicate Values nayo ina tabia hiyo hiyo.

Tumia hii, NIDA ikiwa kolamu D:

=SUMPRODUCT(--(D$2:D$3187=D2))

Alama ya sawasawa ikikutana na maandishi pande zote mbili inalinganisha herufi kwa herufi, haigeuzi kitu. Inayotoa zaidi ya 1 ndiyo imejirudia kweli. Itachukua muda kidogo kwa sababu inalinganisha kila mstari na kila mstari, kama mara milioni 10 hivi. Iache ifanye kazi, usiifunge ukidhani imeganda.

#7 BintiMasasi
Na mimi nijibu kwa nini wamekuwa 412, maana hilo halijaguswa. Tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa. Wazee wetu wengi hawana cheti, wanajua mwaka tu, au wanajua "mwaka wa njaa fulani". Kwenye kuandikishwa wanapewa tarehe ya kukadiria. Mimi kwenye orodha niliyowahi kuishughulikia, 0101 na 0701 (Januari mosi na Julai mosi) zilikuwa nyingi mno, kata nzima utadhani walizaliwa siku moja. Sasa changanya na kwamba walijiandikisha sehemu moja, tarakimu zinazofuata nazo zinafanana. Excel ikikata kwenye 15, wanamezwa kundi zima.

Kwa hiyo wanaoumia zaidi ni wazee wasio na cheti. Kijana mwenye tarehe yake halisi mara nyingi anapona.

#8 KaraniWaKusini
Dada #7 umenifungua macho. Nimechuja, karibu wote wekundu ni 0701. Yule wa kwenye mfano wangu ni 19620701.

#9 WaNakuru
Nyinyi watu wa NIDA mna kitambulisho kirefu kama mkeka. Hapa Kenya namba ya kitambulisho kwa kawaida ni tarakimu saba au nane, kwa hivyo chama chetu kinatumia COUNTIF miaka yote na hakuna shida. Shida yetu sisi ni simu. Mmoja anaandika 07, mwingine +254, mwingine 254 bila alama, na Excel inakula ile sifuri ya mbele. Mtu mmoja anakuwa watu wanne.

#10 Mswahili_wa_Kigali
#9 msituache nyuma. Rwanda indangamuntu ina tarakimu 16, yaani tumezidi kwa moja tu. Hiyo moja inatosha: ukiiandika kama namba, ya mwisho inageuka 0, na kwa macho hushtuki kwa sababu zilizobaki ziko sawa. Ya NIDA ikiharibika unaona sifuri tano mwishoni unajua kuna jambo. Ya kwetu inaharibika kimyakimya, hasa kolamu ikiwa imewekwa Number.

#11 Mukono_Trader
Uganda NIN ni herufi na tarakimu 14, inaanza na CM au CF. Haiwezi kugeuzwa namba. Tuko sawa.

#12 DataNaChai
Kwa wasiotaka kusubiri SUMPRODUCT: =COUNTIF(D:D,D2&"*"). Hiyo nyota inailazimisha COUNTIF ichukulie kila kitu kama maandishi. Ni nyepesi sana.

#13 FundiShiti
#12 ni kweli lakini ina mtego. Nyota maana yake "inaanza na hivi". Kama kuna karani aliruka tarakimu ya mwisho akaandika 19, hiyo pungufu itahesabiwa pamoja na ile kamili ya mtu mwingine. Halafu seli tupu itabeba kolamu yote yenye maandishi. Mwambie kwanza apitishe =LEN(D2), inayohesabu urefu, ahakikishe zote ni 20.

#14 DataNaChai
Nakubali kuhusu LEN. Ila fomula yako nawe seli tupu inazihesabu kama zimefanana. Wasio na NIDA wote watakuwa "mtu mmoja". Aweke IF(D2="","",...) mbele.

#15 FundiShiti
Sawa, hilo liongezwe.

#16 Mwl_Hisabati
Kwa nini mnahangaika na fomula wakati dawa iko kwenye kitambulisho chenyewe? NIDA inaandikwa na vistari: nane, tano, tano, mbili. Vistari vikibaki, Excel haina namna ya kuifanya namba, na COUNTIF inarudi kuwa mwaminifu. Makarani ndio wanaovitoa ili "ionekane safi". Viacheni.

Kwa orodha iliyopo: =LEFT(D2,8)&"-"&MID(D2,9,5)&"-"&MID(D2,14,5)&"-"&RIGHT(D2,2) kwenye kolamu mpya, halafu hesabu hiyo.

#17 KaraniWaKusini
Hii ya #16 nimeipenda. Na inasomeka hata kwa mwenyekiti asiyejua kompyuta.

#18 BintiMasasi
Nionye jambo moja kabla hujatuma faili kwa mtu. Ukiihifadhi kama CSV (faili la maandishi matupu), zile tarakimu 20 ziko salama ndani ya faili. Lakini mwenzako akiibonyeza mara mbili ikafunguka na Excel, zote zinageuka kama 1.96E+19, na akisha-save ndiyo zimekufa, hakuna kurudi. Aingie Data, achague kuleta kutoka Text/CSV, aseme kolamu hiyo ni Text. Matoleo mapya ya Excel kwenye Options, sehemu ya Data, yana pahala pa kuzima huku kubadilisha kwenyewe. Kwenye ofisi nyingi bado hawajui kuwa kupo.

#19 Chalinze_Boy
Kumbe hata Uingereza waliumia na hili kipindi cha korona, namba za wagonjwa zikakatwa na Excel.

#20 Mwl_Hisabati
#19 yale yalikuwa mengine. Kule tarakimu hazikukatwa, mistari ndiyo ilikatwa. Walitumia faili la aina ya zamani, .xls, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. La sasa lina 1,048,576. Lilipojaa, waliozidi hawakuingia. Wagonjwa 15,841 wa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020 walichelewa kuingizwa kwenye hesabu, na waliokuwa karibu nao wakachelewa kutafutwa. Yanafanana kwa jambo moja tu: hakuna onyo lililomzuia mtu.

#21 KaraniWaKusini
Mrejesho. Nimerudisha vistari, nikahesabu upya. Kutoka 412 imebaki mistari 57.

Sasa ndiyo kazi inaanza. Mistari 268 haina NIDA kabisa, hao nitawatambuaje? Majina yameandikwa kila mtu anavyosikia. Nina Hamisi, Khamis, Hamis. Nina Mohamedi, Muhammad, Mohammed. Nina Rashidi na kuna aliyeandika Lashidi. Na jina la ukoo mara liko mwanzo mara mwisho.

#22 Mwl_Hisabati
57 haigawanyiki kwa mbili. Kuna mtu yupo mara tatu, angalau mmoja. Mtafute huyo kwanza.

#23 KaraniWaKusini
Mwalimu umepiga ndipo. Yupo. Ni mama ana mashamba matatu katika vijiji vitatu, kila kijiji kilimwandika kwa shamba lake.

#24 MzeeDaftari
Na huyo hajajirudia. Huyo ni mkulima mmoja mwenye mashamba matatu, na salfa anastahili kwa mashamba yote matatu. Ukifuta mistari miwili umemdhulumu miti yake. Nawaambia vijana, kabla ya kuuliza Excel, jiulizeni mstari mmoja ni nini: ni mtu au ni shamba? Daftari la zamani lilikuwa la watu. Fomu mpya za vijijini ni za mashamba. Mmezishona pamoja halafu mnashangaa.

#25 FundiShiti
Mzee shikamoo. Hapo tuseme orodha mbili: shiti ya wakulima, kila mtu mara moja, na shiti ya mashamba, zikiunganishwa kwa NIDA.

#26 MzeeDaftari
Marahaba. Ndivyo tulivyofanya kwa kalamu, kitabu cha wanachama mbali, cha mashamba mbali.

#27 DataNaChai
Turudi kwa majina ya #21. Kwanza safisha: =UPPER(TRIM(A2)) iondoe nafasi za mbele, za nyuma na zilizorundikana katikati. Zikibaki nafasi zisizotoka, hizo ni zile za kunakili kutoka mtandaoni au PDF, TRIM haiziwezi. Tumia SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ") kwanza, ndipo TRIM.

Halafu kwa matamshi kuna Soundex. Ni kanuni ya Marekani, hataza yake ya kwanza ni ya 1918. Inashika herufi ya kwanza, inatupa irabu, inazipa konsonanti namba. Rashidi na Rashid wote wanapata R230. Mohamedi na Muhammad wote M530. Excel haina fomula yake lakini VBA yake (programu ndogo ya kuongeza ndani ya Excel) imejaa mtandaoni.

#28 Mwl_Hisabati
Nimeijaribu kwa mkono. Hamisi anapata H520, Khamis anapata K520. Hawakutani, kwa sababu herufi ya kwanza haiguswi. Rashidi R230, Lashidi L230, nao hawakutani. Lakini Juma ni J500 na Jane ni J500, kwa kuwa M na N zina namba moja. Kanuni hiyo inamwozesha Juma na Jane na kuwatenganisha Hamisi na Khamis.

#29 WaNakuru
😂😂 Juma na Jane wapewe mgao mmoja wa salfa.

#30 Mtu_wa_Pemba
Samahanini kuingilia. Huku kwetu Khamis ndiyo lenyewe, Hamisi ndilo mlilolibadilisha nyie wa bara. Msije mkaandika kwenye kanuni zenu kuwa Khamis ni "kosa la karani". Mtu ana cheti, ana skuli aliyosomea, kote Khamis. Linganisheni mtakavyo lakini jina kwenye orodha libaki alivyoliandika mwenyewe. Kolamu ya kulinganishia iwe mbali.

#31 DataNaChai
Hilo ni sahihi kabisa #30. Kolamu ya jina haiguswi, tunatengeneza "ufunguo" pembeni. Mimi ufunguo wangu wa majina ya Kiswahili: KH iwe H, PH iwe F, herufi zilizorudiwa ziwe moja, Y iwe I, L iwe R, halafu irabu zote nje. SUBSTITUTE ndani ya SUBSTITUTE, ndefu lakini inafanya kazi. Hamisi, Khamis na Hamis wote wanakuwa HMS. Rashidi na Lashidi wanakuwa RSHD.

#32 BintiMasasi
Na Salumu na Salimu wanakuwa SRM. Hayo ni majina mawili. Nina kaka zangu wawili, mmoja Salumu mmoja Salimu, baba mmoja, kijiji kimoja, na kila mmoja ana mikorosho yake. Asha na Aisha je? Kuna nyumba ni mtu yule yule, kuna nyumba ni dada na mdogo wake.

#33 Mwl_Hisabati
#32 umegusa penyewe. Hata ile njia ya kuhesabu herufi ngapi zibadilike ili jina moja liwe lingine inakosea hapo hapo. Salumu kwenda Salimu ni herufi moja. Hamisi kwenda Khamis ni mbili, uongeze K na uondoe I. Kompyuta itasema Salumu na Salimu wako karibu zaidi ya Hamisi na Khamis. Sisi tunajua ni kinyume.

#34 Mswahili_wa_Kigali
Jaribuni OpenRefine, ni bure na inafanya kazi kwenye kompyuta yako bila kupeleka data za watu popote. Ina kitu kinaitwa clustering. Njia ya fingerprint inaweka herufi ndogo, inatoa alama, inavunja jina vipande na kuvipanga kialfabeti. "Juma Ally Hassan" na "HASSAN, Juma Ally" wanakuwa kitu kimoja. Linamaliza lile la jina la ukoo kuhama. Na haifuti lolote yenyewe, inakuonyesha kundi, wewe ndiye unaamua.

#35 FundiShiti
#34 nzuri, naitumia. Ila kwa majina yetu ina shimo. Fingerprint inapopanga vipande inatoa pia vinavyojirudia. "Hassan Juma Hassan" anabaki "hassan juma". Na "Juma Hassan" naye ni "hassan juma". Kwetu huyo wa kwanza ni mtoto na wa pili ni baba yake, maana mtoto amepewa jina la babu. Pwani na kusini nyumba za hivyo hazihesabiki.

#36 Mswahili_wa_Kigali
Kweli, hilo sikuwa nimelifikiria. Basi kundi likitoka uangalie na idadi ya majina.

#37 Shinyanga_Kwetu
Msisahau Kulwa na Doto. Tarehe ya kuzaliwa moja, baba mmoja, kata moja, simu moja ya mama. Mtu anayesafisha data kutoka mjini akiona "Kulwa Masanja" na "Doto Masanja" anaona watu wawili, sawa. Lakini wale waliopewa majina ya kanisani yanayokaribiana, Paulo na Paulina, anajua ni karani kakosea, anafuta mmoja. Niliwahi kuona mtoto akikosa jina kwenye orodha ya chakula cha shule kwa namna hiyo, mpaka mama yake alipowapeleka wote wawili wasimame mbele ya mwalimu.

#38 WaNakuru
Simu basi. Kata tarakimu tisa za mwisho: =RIGHT(SUBSTITUTE(E2," ",""),9). Hiyo inaunganisha 07, 254, +254, na ile iliyoliwa sifuri. Kwenu 255 ni vile vile, tisa za mwisho.

#39 BintiMasasi
Kukata ni sawa, lakini simu siyo mtu. Kijijini simu moja inaandikwa na watu watano: mama, bibi, jirani asiye na simu. Wengine wanaandika ya mjukuu aliyeko Dar. Simu ikilingana iwe sababu ya kuuliza, isiwe sababu ya kufuta.

#40 Chalinze_Boy
Wakuu mmekwepa swali langu la #2 mpaka ukurasa wa nne. Tarakimu sawa, Kulwa na Doto sawa. Lakini wapo wanaojiandikisha mara mbili kwa makusudi, jina la nyumbani kijiji hiki, jina la shule kijiji kile. 2016 nchi hii ilitangaziwa watumishi hewa zaidi ya 10,000 kwenye malipo ya serikali. Nao walikuwa mistari kwenye orodha ya mtu. Msiwe wapole mno.

#41 BintiMasasi
#40 hatujakwepa. Angalia tulikotoka: nyekundu 412, zikabaki 57. Angefuta siku ile ile, wazee zaidi ya 300 wangeitwa hewa kwa sababu walizaliwa 0701. Wezi wangapi wamo kwenye hao 57? Mama wa mashamba matatu si mwizi.

#42 Chalinze_Boy
Na wenye majina mawili na bila NIDA wako kwenye zile 268, ambako fomula zenu haziwafikii. Hapo ndipo mwizi anakaa. Mtu anayetaka kujirudia hawezi kuandika namba ile ile.

#43 MzeeDaftari
Hapo kijana ana hoja, nami nimefanya kazi ya ukarani wa ushirika muda mrefu. Wapo wajanja. Lakini wengi wa hao wasio na namba ni wagonjwa, ni wajane waliorithi shamba na kadi ina jina la marehemu, ni watu ambao fomu ilijazwa na mtoto wao. Dawa si kompyuta. Chapisha orodha ya kila kitongoji, mwenyekiti aisome kwa sauti kwenye mkutano. Kitongoji kinajua nani ni Hamisi wawili na nani ni Hamisi mmoja.

#44 Mtu_wa_Pemba
Mzee, mwenyekiti mwenyewe akiwa ndiye aliyejiandika mara mbili?

#45 MzeeDaftari
Ndiyo maana nikasema mkutanoni na kwa sauti. Sikusema ofisini kwake.

#46 DataNaChai
Wapiga kura wanaandikishwa kwa alama za vidole, BVR, tangu 2015 kwa Tanzania, na mashine inalinganisha vidole na vidole. Hapo jina halina shida. Ila AMCOS haina mashine hiyo.

#47 FundiShiti
KaraniWaKusini, jambo moja la kiufundi kabla hujafika mbali. Usiguse kile kitufe cha Remove Duplicates. Kinabakiza mstari wa kwanza na kufuta wanaofuata, bila kujali upi umejaa. Daftari la zamani liko juu, kwa hiyo utabaki na mistari ya zamani isiyo na simu wala ekari mpya. Tena kinaangalia thamani inavyoonekana kwenye seli, tarehe ile ile ikiandikwa kwa mtindo mwingine kwake ni nyingine. Weka kolamu tatu: "kundi", "sababu ya kushuku", "uamuzi na nani kaamua". Mstari wowote usifutwe.

#48 Mukono_Trader
Ukienda Power Query, zana ya Excel ya kuleta na kusafisha data, kumbuka yenyewe inatofautisha herufi kubwa na ndogo. HAMISI na Hamisi kwake ni wawili, COUNTIF kwake ni mmoja. Wengi wanapata majibu mawili kwa orodha moja wanadhani kuna ubovu.

#49 KaraniWaKusini
Nashukuru wote. Nimefungua shiti mbili kama #25, wakulima na mashamba. Katika zile 57: mistari 31 ni mtu mmoja mashamba tofauti, hao nimewahamishia. Mistari 18 ni daftari la zamani na fomu mpya, mtu yule yule shamba lile lile, nimeunganisha na kuandika nani kathibitisha. Zimebaki 8, yaani NIDA nne. Majina kwenye kila namba ni tofauti kabisa, hata jinsia.

#50 Mwl_Hisabati
NIDA moja, majina mawili tofauti? Huo ni ukurasa wa fomu. Mwandikaji alikuwa na rundo la nakala, akasoma kitambulisho cha jirani yake.

#51 Chalinze_Boy
Au mtu kakopesha kitambulisho kwa shemeji asiye nacho, wapate mifuko zaidi. Hilo lipo, msinikatalie.

#52 BintiMasasi
Au mume kaandika shamba la mke kwa namba yake. Angalia kama vijiji na simu vinalingana kwa kila jozi, na mwaka wa kuzaliwa kwenye namba unamfaa nani kati yao. Namba ya 1948 haiwezi kuwa ya kijana wa bodaboda.

#53 KaraniWaKusini
Jozi mbili simu ni moja. Jozi moja vijiji viko mbali sana, siku nzima ya safari. Ya nne, namba inaanza na 1951 na wote wawili wanaoitumia, kwa maelezo ya karani wa kijiji, ni vijana.

#54 MzeeDaftari
Hiyo ya 1951 usiiamue mezani. Kuna mzee mahali fulani mwenye namba hiyo, na huenda hayumo kwenye orodha yako kabisa. Mtafute yeye kwanza.

#55 WaNakuru
Na zile 268 bila NIDA mtazifanyia nini? Bado nasubiri hapa.